Subiri Zipate Moto

Usiniulize bado. Subiri zipate moto.
Sekunde arobaini, nimezihesabu
mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu fedha,
kisha ndani ya kioo uzi unaanza kuiva:
kwanza kahawia, kama ukoko wa ugali wa muhogo,
halafu rangi ya papai.
Basi. Hapo ndipo pa kuvaa hedifoni.

Taa hizi zilikuwa ndani ya redio ya marehemu baba mdogo Lutandula,
karani wa mizani pale ginneri, enzi pamba inalipa.
Miaka thelathini redio ilikuwa bubu, nyumba ya nyigu,
imeketi juu ya kitambaa cha kufuma
kama mgeni aliyesahau alichofuata.
Taa moja nzima. Ya pili ina ufa.
Nikashuka Makoroboi kuitafutia ile nzima mwenzake,
benchi kwa benchi, hadi muuza vyuma mmoja
akachomoa moja kutoka kwenye ndoo ya misumari:
"Hiki kichupa? Si cha dawa ya sindano?"
Buku mbili. Nikaondoka mbio
asije akausoma uso wangu.

Kasha ni la mninga, mabaki ya kitanda cha jirani.
Bati la juu ni mlango wa friji iliyokufa;
ukiinama utaona bado gundi ya stika ya mtoto wa mtu.
Transfoma nimeisuka kwa mkono, hapa hapa Pasiansi,
mizunguko elfu mbili na mia nane,
na nilipofika elfu moja na mia tatu Nkwimba akaniita chakula,
hesabu ikanitoka, nikafumua yote.
Hakuna anayeamini kwamba nililia.

Volti mia mbili na hamsini si mchezo.
Zilinitupa mara moja hadi kwenye gunia la mkaa.
Kapasita, hata ukishachomoa waya ukutani, haisahau:
inakaa na kinyongo chake, inakisubiri kidole.

Na mwanzoni, badala ya muziki, mvumo.
Ule mvumo wa wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi
upande wa Ukerewe, wakaja kuzifunika taa zote za Kirumba.
Siku kumi na moja niliuwinda.
Nikahamisha transfoma, nikasokota nyaya,
nikamwomba jirani azime friji yake, akanitazama sana.
Dawa ilikuwa tone moja la lehemu:
nyaya zote za ardhi zikutane mahali pamoja,
kama ndugu waliogombana wakilazimishwa sahani moja.
Kimya kikaingia. Wewe! Kimya kile,
Bwiru alfajiri, mawe bado ya baridi.

"Laki moja na themanini," alisema Nkwimba,
"na haiangazi hata jikoni."
Sikujibu. Nilimvisha hedifoni juu ya kilemba,
nikaweka, kwenye kicheza kaseti cha betri,
kwaya yao ya shule, Sengerema,
ambayo miaka yote tumeisikia
kama watu waliofungiwa ndani ya debe.

Alikaa. Uso haukusema kitu.
Mchicha ukaanza kunukia kuungua, hakuinuka.
Kisha kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia:
"Huyo anayekohoa kabla hatujaanza ni Kabula!
Alikuwa na pumu. Mwalimu alimpanga nyuma, dirishani.
Na dirisha lenyewe nalisikia!"

Dirisha.
Miezi saba ya kukesha, vidole vitatu vya kuungua,
kumbe nilikuwa nalitafuta neno hilo.

Hapo Luku ikaisha.
Nyumba nzima giza, ila taa mbili
zikabaki na wekundu wao, na sauti, aliniambia baadaye,
haikukatika: ilirudi nyuma taratibu
kama kwaya inayotoka ukumbini huku inaimba.

Akanyoosha mkono gizani, si kwangu, kwenye kioo.
"Usiguse," nikasema, "bado ni moto."
"Nimeona," akasema. "Kanunue uniti.
Upande wa pili bado."